Bato kubwa ao ndogo: mbele ya kushuka Kituku

Kila mara baba wa nyumba anajitayarisha kurudia mgodi wa Nyabibwe, ao kuvukia Minova apande Numbi, hapa Ndosho maulizo inakuwa ileile: atapanda bato gani? Mama mkwe anasema bato kubwa, juu chuma haiogopi maji. Kijana anasema kanoti ya motere, juu inajaa mbio na kuondoka mbio. Siye tulishuka Kituku tuangalie zote mbili zikipakia. Tumerudi na jibu ambayo haitafurahisha upande wowote.

Tuanze na kanoti. Ni ya mbao, nyembamba, motere nyuma, watu wamekaa chini juu ya mbao za kukatiza. Ubavu wake haupandi sana: mtu aliyekaa pembeni ananawa mikono ziwani bila kusimama. Hiyo inatisha. Lakini kanoti haifichi kitu. Akiingia mtu moja munene, kila mtu anaona maji imepanda. Tulisikia abiria wenyewe wakimpigia kapiteni kelele: inatosha, toa hii kamba! Ubaya wake uko pengine: maji ikichafuka, mawimbi inaingia ndani, na motere ikizimika, kanoti inageuka ubavu mbele ya mawimbi. Hapo bidoni ya kutolea maji ndiyo inakuwa mkubwa wa safari.

Bato kubwa iko kinyume. Ubavu ni mrefu, kuna ngazi ya juu, kuna paa, kuna kivuli. Wimbi ambayo inalowesha kanoti nzima, yeye inaitingisha kidogo tu. Ikipakia kwa kiasi na mizigo ikilala chini kabisa, siye tunaichagua, zaidi kwa njia ndefu ya Bukavu. Lakini ongeza watu kumi, hakuna anayeona tofauti. Ongeza makumi ingine, bado bato inaonekana sawa vile ilikuwa. Na wale wa mwisho wanapanda juu, kwa sababu chini kumejaa.

Wachimbaji wanaelewa hii haraka kuliko sisi waandishi. Shimo kubwa haina usalama kupita shimo ndogo kama miti ya kushikilia udongo haikuwekwa. Kwa bato, kinachoshikilia ni uzito wa chini. Uzito ukihamia juu, bato ikiinama kidogo hairudi mbio; na watu si mifuko, wanatembea. Wakikimbilia upande moja kuangalia bandari ao kutafuta mizigo yao, wanaisukuma yenyewe.

Goma haihitaji mufano wa mbali. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato Merdi ilitoka Minova. Vita ilikuwa imekata barabara ya Sake, watu wa Minova walibaki na ziwa tu. Ilikuwa imefika mbele ya Kituku, watu wa nchi kavu wanaiona, ndipo ikalala upande na kupinduka. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilikuwa na watu 278. Hesabu ya waliokufa ilitofautiana kati ya wakubwa na wakubwa. Familia zilihesabu zao. Tuchukue kilo 60 kwa kila mtu: ni tani zaidi ya 16 ya watu peke yao, mbele ya mfuko hata moja. Haikuwa kanoti. Ilikuwa ile ambayo mama mkwe angechagua.

Wavuvi wa sambaza walielewa kitambo. Wanafunga mitumbwi tatu pamoja kwa miti mirefu, na usiku kucha wanasimama juu yake wakivuta wavu. Kila mtumbwi peke yake ungewapindua. Upana ndio unawashikilia, si ukubwa.

Sasa mizigo, na hapa tunasema na ninyi wa kasiterite na koltani. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Ikijaa kasiterite, munajua wenyewe kama mtu moja haiinui bure. Kwa hiyo kanoti iliyopakia mawe inaonekana tupu wakati imekwisha kujaa: uzito uko chini, ni vizuri kwa kusimama, lakini ubavu unabaki kidole chache juu ya maji. Makala ni kinyume: mifuko mirefu, mepesi, inapangwa juu ya paa. Bato yenye makala juu na watu katikati ya makala, siye hatupandi, hata tike ikiwa ya bure.

Hali ya hewa pia. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, upepo wa kusini unapata ziwa yote ya kukimbilia. Siku kama hiyo kanoti ibaki kwenye mchanga. Ziwa Kivu inashuka karibu mita 480 kwenda chini. Kujua kuogelea kidogo haisaidii katikati.

Na jile. Kisha ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi aliamuru kila msafiri avae jile. Siku tulishuka, tuliona zingine zimevaliwa, zingine zimekaliwa sawa mito. Jile ya kukalia haielei na mtu. Ifungwe kamba zote tangu bandarini; bato ikianza kulala hakuna tena nafasi ya kutafuta mikono.

Basi mukishuka, simameni kwanza pembeni ya maji, muangalie ubavu. Kama bato imepigwa mstari wa rangi na mstari umezama, ao imeinama upande ingali imefungwa kamba, mushuke, hata tike imelipwa. Mwenye bato hatarudisha franka, tunajua, na kule mgodini siku moja ya kukosa ina bei yake. Kuna ingine kesho asubuhi. Ya asubuhi upepo unakuwa mdogo, na muende mapema: wa kwanza ndio wanakaa chini.