VITUFE VIWILI VILIVYONINYIMA ALAMA SITA

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na matokeo yake yalikuwa alama sita kupotea katika mtihani wa fizikia wa muhula uliopita. Ndugu msomaji, sitaki nawe uzipoteze. Keti hapa tulitazame swali hilo pamoja, pole pole, kwa Kiswahili chetu.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Vitufe viwili vyepesi, A na B, kila kimoja kina uzito wa nyutoni 0.00048. Kila kitufe kimefungwa kwa uzi wa sentimita 10, na nyuzi zote mbili zinaning'inia kwenye msumari mmoja. Vikapewa chaji za aina moja zilizo sawa, vikafukuzana, vikatulia vikiwa sentimita 12 kutoka kimoja hadi kingine. (a) Kila kitufe kina chaji kiasi gani? (b) Lau A kingekuwa na nanokulomu 48 na B nanokulomu 12, ni kipi kingesogea zaidi kutoka katikati?

Kosa langu la kwanza ni kukimbilia kikokotoo kabla ya kuchora. Chora kwanza! Chukua kitufe kimoja tu, mwenzake umwache. Kina nguvu tatu juu yake. Uzito unakivuta chini. Chaji ya mwenzake inakisukuma kando. Uzi nao unakivuta kwa mshazari kuelekea msumarini. Kitufe kimetulia, maana yake hakuna nguvu inayoshinda. Uzi ndio unaofanya kazi mbili kwa wakati mmoja: sehemu ya mvuto wake iendayo juu inaubeba uzito, na sehemu iendayo kando inauzuia ule msukumo.

Sasa tazama pembetatu. Uzi ni sentimita 10. Kutoka katikati hadi kwenye kitufe ni nusu ya 12, yaani 6. Kwa kanuni ya Pythagoras, kimo ni 8. Mvuto wa uzi unafuata uzi wenyewe, kwa hivyo unagawanyika kwa uwiano huo huo, 6 kando kwa 8 juu. Basi:

Msukumo = 0.00048 × 6 ÷ 8 = nyutoni 0.00036

Hapo sasa ndipo tunapomwita Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, aliyeitangaza kanuni yake mwaka wa 1785. Alisema msukumo unapatikana kwa kuzidisha chaji mbili, kisha kugawanya kwa umbali uliozidishwa kwa umbali. Ukitumia mita na kulomu, unazidisha pia kwa 9,000,000,000. Lakini jihadhari: katika pembetatu tulitumia 6, huku tunatumia umbali wote, sentimita 12, yaani mita 0.12. Wengi wetu darasani tuliteleza papo hapo.

Chaji × chaji = 0.00036 × 0.0144 ÷ 9,000,000,000 = 5.76 × 10⁻¹⁶

Kipeuo chake cha pili ni 2.4 × 10⁻⁸. Kila kitufe kina nanokulomu 24. Sehemu (a) imekwisha.

Sehemu (b) ndiyo iliyonichoma. Niliandika bila kusita kwamba A kitasogea zaidi kwa sababu kina chaji mara nne ya B. Jirani yangu wa deski akaandika kinyume, ati A chenye nguvu kitamfukuza B mbali. Tulibishana hadi kengele ikalia. Kumbe sote wawili tulikosa!

Siku ya Jumamosi nilikuwa gatini hapa Homa Bay. Mitumbwi miwili ilikuwa imelala ubavu kwa ubavu, mmoja una shehena ya omena, mwingine mtupu. Mvuvi aliyekuwa ndani ya ule wenye shehena akausukuma ule mtupu kwa mkono. Mtupu ukaenda mbali, lakini wake pia ukarudi nyuma kidogo. Mkono ni wa mmoja, msukumo ni wa wote wawili! Hiyo ndiyo sheria ya tatu ya Newton niliyokuwa nikiikariri kama kasuku. Mtumbwi wa omena ulisogea kidogo kwa sababu ulikuwa mzito, si kwa sababu ulisukumwa kidogo.

Vitufe ni vivyo hivyo. A kinamsukuma B kwa nguvu ile ile ambayo B kinamsukuma A, hata chaji zikitofautiana vipi. Kwa kuwa uzito wao ni sawa, pembe zao ni sawa. Tena 48 × 12 ni 576, sawasawa na 24 × 24. Kwa hiyo vitufe vinakaa pale pale, sentimita 12, kama kwamba hakuna kilichobadilika. Kama ungetaka kimoja kikae karibu zaidi na katikati, ungekiongezea uzito, si chaji.

Tulijaribu wenyewe kwa vitufe vya povu jeupe la katoni ya televisheni, tukavifunika kwa karatasi ya fedha na kuvitundika kwa uzi wa nailoni wa nyavu. Asubuhi baada ya mvua vilikataa kabisa, kwa sababu unyevu kwenye uzi huiondoa chaji. Saa nane mchana, jua likiwaka, tulisugua rula ya plastiki kwa sweta, tukavigusa, na hamadi! Vikaachana, pembe sawa huku na huku.

Mwanafunzi mwenzangu, chora kabla ya kukokotoa, na kabla hujasema nani ana nguvu, kumbuka kwamba hakuna asukumaye asisukumwe. Alama zangu sita zimekwenda, lakini swali hilo likirudi, litanikuta macho.