Upasuaji wa kupunguza uzito: Mambo ya kupima kabla familia haijasema ndiyo

Katika nyumba nyingi za Njoro, Pasua na Majengo mjini Moshi, mazungumzo haya huanza chini chini. Mama ameongeza kilo kila baada ya uzazi. Magoti yanauma, ngazi za sokoni zinamkatisha pumzi, usiku anakoroma mpaka watoto wanaamka. Kliniki wamemwambia presha imepanda na sukari haiko sawa. Amejaribu kufunga kula jioni, amekunywa maji ya limao na tangawizi, amenunua chai za kupunguza tumbo. Kilo 5 zimetoka, kilo 7 zimerudi.

Siku anapotamka neno "upasuaji", nyumba hugawanyika. Mume anasema, "Mama watoto, mimi nilikupenda hivyo hivyo, kisu cha nini tena?" Dada mtu anamwambia aende haraka, kuna jirani wa rafiki yake amepungua mpaka hatambuliki. Mama mkwe anauliza kwa nini mtu mwenye afya akatwe tumbo kwa sababu ya urembo.

Wote watatu wanakosea kidogo. Upasuaji huu si urembo, lakini pia si njia ya mkato. Ni tiba ya ugonjwa, na kama tiba nyingine kubwa ina watu inaowafaa na wasiowafaa, ina faida na ina gharama inayoendelea kwa maisha yote.

Unene unatoka wapi?

Utafiti wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza.

Uchagani kuna jambo la ziada. Mama aliyejifungua hulishwa: mtori, kitawa, supu, nyama ya mafuta, huku akipumzishwa kwa takriban miezi mitatu. Desturi hiyo ina maana yake, kwani mwili uliotoka kuzaa na unaonyonyesha unahitaji chakula na mapumziko. Tatizo huja pale miezi mitatu inapokwisha na sahani ikabaki vilevile. Bibi wa zamani alitoka uzazini akarudi kwenye kihamba, akapanda na kushuka mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mjukuu wake anatoka uzazini anarudi dukani, anakaa kwenye kiti saa kumi, anapanda bodaboda kurudi nyumbani, na jioni ni chipsi mayai na soda.

Hata hivyo, unene hauji kwa ulafi peke yake. Kuna kurithi, kuna homoni, kuna dawa zinazoongeza uzito, kuna usingizi mbovu na msongo wa mawazo. Isitoshe, mwili ukishanenepa huutetea uzito wake: mtu akipunguza kula, njaa huongezeka na mwili hubana matumizi ya nguvu. Ndiyo maana kumwambia mtu mwenye kilo 115 "funga mdomo" mara nyingi hakumsaidii.

Nani anafaa kufikiriwa?

Madaktari huanza na hesabu ya BMI, yaani uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ikifika 30, huo ni unene uliopitiliza.

Kwa miaka mingi mwongozo uliotumika duniani ulikuwa ule wa Marekani wa mwaka 1991: upasuaji ufikiriwe kwa mwenye BMI ya 40 na kuendelea, au kuanzia 35 kama ana ugonjwa unaotokana na uzito, mfano kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: kuanzia 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili.

Tuchukue mfano wa mama mwenye urefu wa mita 1.60. Akifika kilo 77 yuko kwenye 30. Kilo 90 ni 35. Kilo 103 ni 40. Mwenye kilo 72 anayetaka tu tumbo liingie ndani kabla ya harusi ya mdogo wake si mgonjwa wa upasuaji huu, na hospitali makini itamwambia hivyo.

Namba peke yake haitoshi. Daktari atataka kujua umejaribu nini, kwa muda gani, na una maradhi gani. Atauliza pia kuhusu pombe na hali ya akili. Mtu anayekula ili kutuliza huzuni au hasira anahitaji kusaidiwa huzuni hiyo kwanza, maana upasuaji utapunguza tumbo na kuiacha huzuni mahali pake.

Njia zilizopo

Ya kwanza ni puto, ambalo si upasuaji. Mara nyingi daktari huliingiza kupitia mdomoni kwa mpira wenye kamera, kisha hulijaza maji ndani ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe mapema. Hukaa miezi 6, na mengine hadi mwaka mmoja, kisha hutolewa. Siku za mwanzo kichefuchefu na kutapika ni kawaida. Likitoka na mtu hajabadili mlo, kilo hurudi.

Ya pili ni kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takriban robo tatu au zaidi, na kubakiza umbo jembamba kama ndizi. Kilichokatwa hakirudi. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na homoni ya njaa hupungua.

Ya tatu ni kutengeneza kijifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo, ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida. Hii husaidia sana wenye kisukari na wenye kiungulia kikali, lakini inadai umakini mkubwa zaidi wa vitamini.

Njia hizi mbili za mwisho hufanywa zaidi kwa matundu madogo, bila kupasua tumbo lote.

Kuna pia dawa za sindano kama semaglutide. Zinapunguza hamu ya kula, ila mtu akiziacha sehemu kubwa ya uzito hurudi, na hazitakiwi kununuliwa kwa mtu wa mtandaoni bila daktari.

Matokeo ya kweli ni yapi?

Hapa ndipo familia nyingi hudanganywa na picha za "kabla na baada". Utafiti mkubwa ulioanza nchini Sweden mwaka 1987 ulifuatilia zaidi ya watu 4,000, wengine wakiwa wamepasuliwa na wengine wakitibiwa kwa njia za kawaida. Waliounganishwa utumbo walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Wasiopasuliwa uzito wao karibu haukubadilika. Ripoti ya mwaka 2007 ilionyesha pia kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa.

Rudi kwa mama wa mita 1.60, mwenye kilo 115. Akipata matokeo hayo, atashuka hadi kilo 78 hivi, kisha baada ya miaka 10 atakuwa kwenye kilo 86. BMI yake itakuwa karibu 34. Kwa hesabu ya kliniki bado ni mnene. Lakini huenda anapanda ngazi bila kusimama, analala vizuri, na dawa za sukari zimepunguzwa au zimeachwa kwa ruhusa ya daktari. Anayekwenda kutafuta afya atayaita hayo mafanikio. Anayekwenda kutafuta umbo la msichana wa miaka 20 atarudi na uchungu, na ngozi iliyolegea.

Hatari zake

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 4,776, ulikuta watu 3 kati ya kila 1,000 walifariki ndani ya siku 30, na takriban 4 kati ya 100 walipata tatizo kubwa. Hizo ni hospitali zenye uzoefu. Matatizo yanayoogopwa ni kuvuja pale paliposhonwa, kutoka damu, na damu kuganda miguuni kisha kwenda kwenye mapafu. Baadaye huweza kuja mawe kwenye kibofu cha nyongo, upungufu wa damu, na nywele kunyonyoka kwa miezi kadhaa.

Kwa hiyo baba anayeogopa ana sababu. Lakini apime pia upande wa pili: kisukari kisichodhibitiwa nacho kinaua, kinapofusha na kinaharibu figo.

Maisha baada ya kupasuliwa

Wiki za mwanzo ni vimiminika tu, kisha chakula kilichosagwa, kisha laini. Mtori laini una nafasi yake, ila mwili unadai kwanza vyakula vya kujenga: mayai, samaki, maziwa, maharage na dengu zilizopondwa. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Kila tonge hutafunwa taratibu.

Vitamini na madini, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, humezwa maisha yote, na damu hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Anayeacha kwa kuona amepona anaweza kuharibu mishipa ya fahamu na mifupa.

Pombe nayo hubadilika. Baada ya upasuaji huingia kwenye damu haraka, na glasi iliyokuwa haimfanyi kitu inaweza kumlevya. Kata ya mbege ya kupokezana kwenye shughuli si mchezo tena.

Kwa walio katika umri wa kuzaa, uzito ukishuka mimba huweza kuingia kwa urahisi kuliko mwanzo. Wataalamu hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18. Kwa waliounganishwa utumbo, vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri. Kipandikizi au kitanzi huwa salama zaidi, na hilo lipangwe kabla ya kwenda chumba cha upasuaji.

Familia ina sehemu yake

Mgonjwa anayekula vijiko vitano hawezi kupona katika nyumba inayomsema. Kwenye harusi, ndafu ikikatwa, kuna shangazi atakayemwambia, "Mwanangu, mbona unatukatalia chakula?" Mume au dada ajue kujibu kwa niaba yake.

Watoto waambiwe ukweli kwa maneno yao: mama anatibiwa ili awe na nguvu. Wasisikie mama anaitwa bonge, wala mwenzao mnene asiitwe hivyo. Na kama mafuta, soda na maandazi vitapungua, vipungue kwa nyumba nzima.

Uamuzi wa mwisho ni wa mwenye mwili. Mume asimlazimishe kwa ajili ya umbo, wala asimzuie kwa kuogopa maneno ya watu.

Pa kuanzia na fedha

Kwa mkazi wa Njoro, pa kuanzia ni karibu: Hospitali ya Mawenzi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo presha, sukari, moyo na maradhi mengine hupimwa, na rufaa hutolewa inapohitajika. Katika hospitali za umma, Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam, imekuwa ikitoa huduma ya puto na ya upasuaji wa kupunguza uzito. Kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na safari haitakuwa moja.

Kabla ya kuuza kiwanja au kukopa vikoba, familia ipige hesabu yote: vipimo, upasuaji, nauli na malazi ya msindikizaji, siku za kutofanya kazi, kliniki za marudio, na vitamini za kila mwezi. Ulizeni mfuko wenu wa bima, na jibu lipatikane kwa maandishi.

Daktari aulizwe waziwazi: Wewe umefanya upasuaji huu mara ngapi? Wangapi walipata matatizo? Kwa nini njia hii na si nyingine? Nikipata homa au maumivu makali nikiwa Moshi, nani atanipokea? Anayekasirika kwa maswali hayo asipewe tumbo lako.

Na anayeamua kutopasuliwa hajashindwa. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito husaidia presha na sukari. Kwa mwenye kilo 115 hiyo ni kilo 6 hadi 12, na inaweza kuanza na sahani ndogo, soda kuachwa, na nusu saa ya kutembea kila siku. Ila dawa za presha na sukari zisiachwe, na tarehe ya kliniki isipite.