Jiwe la Njano la Uluguru

Wanangu wa Ngara na Biharamulo, nyinyi habari za mawe mmezizoea. Ngara kuna nikeli ya Kabanga. Biharamulo kuna dhahabu ya Tulawaka. Basi sishangai mtoto wa huko anaponiuliza: "Mjomba, na urani je? Ikoje?"

Umeuliza vizuri, mwanangu. Umeuliza vizuri sana. Twende Morogoro, kwenye milima ya Uluguru. Huko kuna jiwe la njano linalojulikana na wataalamu wa madini duniani kote. Tuliache lijisemee lenyewe.

"Jina langu ni rutherfordini. Zamani nilikuwa mweusi tii. Nilikuwa mzito, nimelala ndani ya mwamba pamoja na ulanga, ule unaong'aa na kubanduka tabaka tabaka. Wakati huo nilikuwa uraniniti, yaani urani na oksijeni. Kisha mvua ikanyesha. Maji yakapenya kwenye nyufa. Yalikuwa yamebeba oksijeni, yamebeba na hewa ukaa, ile ile mnayoitoa mkipumua. Yakanila polepole. Yakanila polepole, miaka na miaka. Weusi ukaondoka, unjano ukaingia. Lakini umbo langu la zamani likabaki! Ukinitazama kwa nje, pembe ni za yule mweusi. Ndani mimi ni mwingine."

Mwaka 1906, nchi yetu ikiwa bado chini ya Wajerumani, mkemia Willy Marckwald aliyaeleza mawe hayo ya Uluguru. Akaona kwamba madini haya ya njano ni mapya kwa sayansi. Akayapa jina la Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, bingwa wa kuchunguza mionzi. Jina ni la mgeni, lakini ulimwengu uliyajulia kwetu. Napenda mtoto wa Tanzania alijue hilo mapema.

"Mjomba, ndani amekuwaje mwingine? Si urani ni ile ile?"

Eee, hapo ndipo penyewe! Urani ni ile ile. Waliobadilika ni majirani zake.

Chukua chungu, kiweke uani. Chungu ndiyo urani. Juu kuna mfuniko uliokibana. Chini kuna kata iliyokibana. Hizo ni oksijeni mbili, moja juu, moja chini, zimenyooka na chungu, tena ziko karibu kabisa. Sasa waketishe watoto sita wakizunguke chungu, nyuma kidogo. Hao nao ni oksijeni, lakini hawakuja peke yao. Wameletwa na kaboni ya ile hewa ukaa, na kila kaboni imeshika watatu. Watoto hao hawana chungu kimoja tu. Huku wanakigusa hiki, huku wanakigusa cha jirani. Chungu kwa chungu, ua mzima unajaa. Lakini juu hapashikiki, mfuniko umeziba. Chini hapashikiki, kata imeziba. Basi ua mmoja unalala juu ya mwingine, na mwingine juu yake, bila kushikana sana.

Mpangilio kama huo, unaojirudia bila kukosea, ndio unaofanya jiwe liitwe fuwele.

"Nani aliyeona yote hayo?"

Si kwa jicho, mwanangu. Wataalamu hupiga eksirei kwenye fuwele. Miale hutawanyika kwa utaratibu, nao hukokotoa kila mmoja kakaa wapi. Mpangilio wa rutherfordini ulichapishwa Marekani mwaka 1955 na Christ, Clark na Evans.

"Na mtu anaweza kuitengeneza?"

Anaweza. Wataalamu wa maabara huchukua unga wa oksidi ya urani, wakauchanganya na maji ndani ya chombo cha chuma kinachofungwa barabara, kisha wakasukumia hewa ukaa kwa shinikizo kubwa. Unga wa njano unapatikana, bila kungoja miaka ya mlima.

Wanahangaika kwa nini? Kwa sababu maji yenye hewa ukaa huweza kuibeba urani. Mafuta yaliyotumika kwenye vinu vya nyuklia ni oksidi ya urani, ndugu wa yule mweusi wa Uluguru. Yakizikwa ardhini na maji yakayafikia, itakuwaje? Lazima tujue kabla ya kuzika. Hata urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo, Ruvuma, iko ndani ya mwamba wa mchanga, na ni maji yaliyoileta.

Ila urani hutoa mionzi, na vumbi lake ni sumu mwilini. Haichezewi, haitiwi mfukoni. Ndiyo maana tuna Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ya kusimamia mambo haya.

"Mjomba, mimi nataka kuona fuwele kwa macho yangu."

Safi sana! Mwombe mama chumvi na maji ya moto. Koroga chumvi mpaka igome kuyeyuka. Mimina maji yale ya juu kwenye sahani, uiweke dirishani, usiitikise. Maji yakikauka taratibu, inama utazame kwa karibu. Utaona vipande vidogo vyenye pembe za mraba. Sodiamu na klorini zimejipanga hivyo, kwa mraba, toka chini mpaka juu. Halafu jaribu na sukari, uone kama nayo itakupa mraba.