Je, Wajua? Kompyuta Inayojipikia

Je, wajua kuwa Gentoo ni jina la ndege? Ni pengwini wa kusini ya mbali, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, na hakuna pengwini anayemshinda kuogelea: hufika kilomita 36 kwa saa. Daniel Robbins aliuita hivyo mfumo endeshi wake wa Linux, uliokuwa ukijulikana kama Enoch, na toleo 1.0 likatoka tarehe 31 Machi 2002. Kinachochekesha ni kwamba kumweka pengwini huyu mwenye mbio kwenye kompyuta ya kawaida kunaweza kumaliza siku nzima. Mifumo mingine hukuletea programu zimeshaiva. Gentoo hukuletea msimbo mbichi na karatasi ya mapishi iitwayo ebuild, kisha kompyuta yako yenyewe inaingia jikoni.

Je, wajua kuwa mradi huo nusura ufe ukingali mchanga? Robbins alinunua mashine mpya yenye prosesa mbili, ikawa inaganda ikiachwa bila kazi. Akakata tamaa, akahamia mfumo wa FreeBSD kwa miezi kadhaa. Huko akaona jinsi wenzake wanavyojenga programu kutoka kwenye msimbo kwa utaratibu wa ports, akarudi Linux na wazo hilo mfukoni. Ndipo ikapatikana Portage, mpishi mkuu wa Gentoo, ambaye amri yake maarufu ni emerge.

Je, wajua kuwa kifurushi kinachozungumzwa hapa si bando la wiki? Ni programu moja pamoja na maelezo ya kuijenga. Na ni nadra kifurushi kujitosheleza. Kicheza muziki kinaitaka maktaba ya sauti, maktaba inaitaka nyingine, na hiyo nyingine haijengeki bila chombo fulani cha ujenzi. Aliyesema mtegemea cha nduguye hufa maskini hakuwahi kuona orodha ya tegemezi za kivinjari.

Je, wajua kuwa ujenzi ukikwama, mstari wa mwisho kwenye skrini ndio wenye faida ndogo kuliko yote? Portage itakuandikia kwa rangi nyekundu kwamba kifurushi fulani kimeshindwa katika hatua ya kukompaili, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu. Hilo ni tangazo la msiba. Sababu ya kifo iko juu zaidi, wakati mwingine mistari mia mbili juu, kwa kuwa ujenzi hufanywa na vibarua kadhaa kwa pamoja: mmoja akijikata kidole, wenzake wanaendelea kupiga soga mpaka habari iwafikie. Maneno kama "Error 1" na "Error 2" yanayotolewa na programu ya make ni ya mpeleka habari tu. Fungua faili la build.log, ambalo njia yake Portage hukutajia palepale, halafu tafuta neno "error:" la kwanza kabisa. Nimewaona watu wazima, wenye shahada, wakipiga picha mistari mitano ya chini na kuomba msaada kwayo. Mimi mwenyewe nimo katika idadi hiyo.

Wajua pia kwamba neno hilo "error:" huenda usilipate? Kompaila huzungumza lugha ya mashine yako. Ukiwa umeiweka katika Kifaransa, itaandika "erreur". Tangulizia amri yako na LC_ALL=C, itarudi kwenye Kiingereza cha kiwandani ambacho kila mtoa msaada anakisoma.

Ajabu zaidi ni Kituruki. Waturuki wana herufi i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na ukiipunguza I kubwa kwa kanuni zao unapata ile isiyo na nukta. Hati ya ujenzi inayobadilisha herufi kubwa kuwa ndogo hujikuta imezaa jina la faili ambalo halipo duniani. Programu nzima inakataa kujengwa kwa sababu ya nukta moja.

Je, wajua kwamba "Killed" si kosa la programu? Ukikuta kompaila ya C++ imeuawa katikati ya kazi, muuaji ni keneli, na sababu yake ni njaa ya RAM. Mwongozo wa Gentoo unataka angalau GB 2 za RAM kwa kila kibarua. Kwa hiyo mwenye GB 8 aandike -j4 katika faili la mipangilio la make.conf, hata kama prosesa yake ina nyuzi 16. Ukiandika -j bila namba, umeruhusu vibarua wasio na idadi. Hapo hata kishale cha kipanya kitasimama.

Je, wajua kuwa diski inaweza kujaa huku ina nafasi? Baadhi yetu hulielekeza jiko, yaani saraka ya /var/tmp/portage, kwenye RAM ili kazi iende haraka. Kikija kifurushi kikubwa kama Chromium au LibreOffice, RAM inajaa na unaambiwa "No space left on device" wakati diski ina mamia ya GB. Njia ya pili ya kujaa ni kuishiwa inodi, yale maingizo ambayo kila faili, hata liwe dogo namna gani, lazima lipewe moja. Hazina ya mapishi ya Gentoo ina maelfu kwa maelfu ya faili ndogondogo. Amri ya df itakuonyesha neema. Amri ya df -i itakuonyesha hali halisi.

Na je, wajua namna ya kutofautisha ubovu wa programu na ubovu wa mashine? Rudia ujenzi. Kompaila ikianguka mahali palepale kila mara, lawama ni ya msimbo au kompaila. Ikianguka leo hapa, kesho pale, na kila mara inalalamika "Segmentation fault", shika bisibisi: kuna RAM mbovu, feni iliyojaa vumbi au umeme usiotulia. Mashine inayocheza filamu wiki nzima bila tatizo inaweza kuumbuka ndani ya dakika ishirini za kukompaili, maana kukompaili hugusa kila pembe ya RAM na kuichemsha prosesa. Nilishabadilisha vifurushi, matoleo na mipangilio kwa siku tatu kabla ya kugundua kwamba kompyuta yangu ilikuwa imekaa juu ya kitambaa cha meza kilichoziba matundu ya hewa.

Je, wajua kisa cha freetype na harfbuzz? Hapa tukae kidogo, maana ndicho kizingiti kinachowakwaza wageni wengi. Freetype huchora herufi. Harfbuzz huzipanga, hasa kwa maandishi kama ya Kiarabu ambayo herufi hubadilika umbo kulingana na jirani yake. Harfbuzz inaitaka freetype ili ijengwe, na freetype, ukiiwashia uwezo wa kushirikiana na harfbuzz, nayo inaitaka harfbuzz. Nani atangulie? Portage huchora duara, hutamka "circular dependencies", na kugoma. Dawa ni kukubali kula wali mkavu kwanza: unaijenga freetype bila msaada wa harfbuzz kwa kuandika USE="-harfbuzz" mbele ya emerge -1 freetype, halafu unaijenga harfbuzz, kisha unairudia freetype ikiwa kamili. Maktaba za picha za tiff na libwebp nazo zina ndoa ya aina hiyohiyo. Na kwa wapenda lugha: jina harfbuzz linatokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya "herufi wazi". Harf hiyo Waajemi waliipata kwa Waarabu, na ndiyo hiyohiyo iliyotupa sisi herufi.

Je, wajua maana ya ile -1 niliyoandika juu? Kila unachokiomba kwa emerge huandikwa katika faili la /var/lib/portage/world, ambalo ni kama daftari la wageni uliowaalika mwenyewe. Tegemezi huja kwa mgongo wa wageni na hawaandikwi. Alama ya -1 inasema: jenga, lakini usiandike. Ukiisahau kila unapotengeneza jambo, baada ya miaka miwili daftari limejaa maktaba usizozijua, kila moja inang'ang'ania toleo lake, na masasisho yanakwama kwa ugomvi ambao mwanzilishi wake ni wewe.

Je, wajua kuwa kutafuta mpangilio wa matoleo unaowaridhisha wote ni tatizo ambalo wanahisabati wanaliweka katika kundi la NP-kamili? Sudoku ya ukubwa wowote imo katika kundi hilo. Kwa hiyo Portage ikikaa dakika nzima inazungusha gurudumu kabla ya kusema lolote, isamehe. Inapotoka na madai kwamba matoleo mawili yanagombea nafasi moja, soma jina la yule anayelidai toleo la zamani. Mara nyingi ni kifurushi kimoja tu, ulikiweka zamani na hukitumii tena. Kiondoe, na mti mzima unajinyoosha.

Je, wajua kuwa makefile, faili la maagizo ya programu ya make, linaweza kukataa nafasi lakini likakubali tabo, ilhali kwa macho vinafanana? Stuart Feldman aliandika make mwaka 1976 katika maabara za Bell, akachagua tabo mwanzoni mwa mistari ya amri. Alipoona kwamba uamuzi ule una kasoro, tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili na hakutaka kuwavurugia. Leo, karibu nusu karne baadaye, mamilioni wanasoma "missing separator" kwa heshima ya wale kumi na wawili.

Make pia huamini saa. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huamka ikidhani ni mwaka mwingine, na kwa make faili la jana huwa limezaliwa kesho.

Je, wajua kuwa msimbo uliojengeka salama kwa miaka 25 unaweza kukataliwa ghafla bila mtu kuugusa? Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1999 kilipiga marufuku kuita kitendaji ambacho hakijatangazwa, lakini kompaila ya GCC iliendelea kuonya tu. GCC 14, iliyotoka Mei 2024, ikageuza onyo kuwa kosa. Programu nyingi za zamani zikaanguka. Hizo zilizoanguka kwa kelele ni afadhali. Hatari ni hati za configure, ambazo huandika vijiprogramu vya majaribio kuuliza "je, mfumo huu una uwezo fulani?" Jaribio lenyewe likiwa limeandikwa kizamani, kompaila inalikataa, na hati inahitimisha kimyakimya kwamba uwezo haupo. Programu inajengwa vizuri, ikiwa na kiungo kimoja pungufu, na hakuna aliyepiga kelele.

Je, wajua kwamba chaguo la kompaila la -march=native ni nguo ya kushonewa? Hukompaili kwa vipimo vya prosesa yako na si nyingine. Hamishia diski kwenye kompyuta kuukuu ya binamu yako na utapokelewa na "Illegal instruction".

Je, wajua kuwa umeme ukikatika saa ya nne ya ujenzi hulazimiki kuanza orodha upya? Amri ya emerge --resume huendelea na vifurushi vilivyobaki, na --skipfirst hukiruka kilichokwama. Kilichokuwa jikoni wakati giza linaingia, hicho kitaanza mwanzo. Na wanaonunua intaneti kwa kipimo wajue --fetchonly: hupakua misimbo yote bila kujenga chochote, hivyo unaweza kupakua wakati bando la usiku ni nafuu na kupika mchana.

Je, wajua kuwa Portage imeandikwa kwa Python, nayo Python huwekwa na Portage? Atakayeifuta Python kwa pupa amemfukuza mpishi na funguo za jiko.

Je, wajua kuwa ChromeOS hujengwa kwa kutumia Portage? Mwanafunzi mwenye Chromebook shuleni anamtumia mpishi yuleyule bila kuona moshi.

Na wajua kwamba tangu tarehe 29 Desemba 2023 Gentoo yenyewe hutoa vifurushi vilivyokwisha kuiva kwa wanaovitaka? Wakongwe walinuna kidogo. Mimi sikununa, LibreOffice niliipokea kwa mikono miwili.

Je, wajua kuwa kuujenga msimbo mwenyewe si kinga kamili? Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya programu ya kubana faili ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ndoano iliyouingiza haikuwemo katika hazina ya wazi ya msimbo. Ilikuwa katika hati ya ujenzi ndani ya furushi lililotolewa kwa wapakuaji. Tena ilikuwa na macho: iliangalia kwanza kama inajengwa kwa ajili ya vifurushi vya aina ya Debian au RPM, na kama sivyo ilitulia.

Je, wajua, basi, kompaila ya kwanza inakompailiwa na nani? GCC hujijenga mara tatu. Kompaila iliyopo hujenga mpya, mpya hujenga nyingine, hiyo nyingine hujenga ya tatu, kisha ya pili na ya tatu hulinganishwa baiti kwa baiti. Zikitofautiana, kazi inasimama na neno "Bootstrap comparison failure". Lakini ile iliyopo ilitoka wapi? Ken Thompson aliuliza swali hilo katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, akaonyesha jinsi kompaila iliyotiwa sumu inavyoweza kuwarithisha sumu hiyo wanawe wote bila alama yoyote katika msimbo. Watu wa mradi wa Guix walilifuata swali hilo mpaka chini kabisa, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba mnyororo wao wa ujenzi unaanzia kwenye programu ya baiti 357. Ungeweza kuituma kwa SMS tatu, na nafasi ikabaki.