Gesi ya kiyoyozi haiishi, inavuja

Mtu wa Dar es Salaam akisikia kwamba fundi viyoyozi anapata kazi Bukoba, hushangaa. Mji uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Usiku watu hujifunika blanketi, na mvua ya mwaka mzima inakaribia milimita 2,000. Nyumba nyingi za Kashai, Hamugembe au Rwamishenye hazina kiyoyozi wala hazikihitaji.

Lakini kazi ipo. Benki wanavyo, hoteli wanavyo, maabara na vyumba vya mitambo ya simu haviwezi kukaa bila hivyo, na stoo ya dawa inavihitaji kwa sababu maboksi mengi ya dawa yameandikwa yasizidi nyuzi 25 au 30. Kazi kubwa zaidi iko kwenye magari. Noah, IST, Probox na Hiace zinazopanda na kushuka kati ya Bukoba na Muleba karibu zote zimetoka Japani zikiwa na kiyoyozi ndani yake, na huku kwetu kina faida ambayo mtu wa Pwani hafikirii haraka.

Panda gari asubuhi ya mvua kuelekea Muleba. Abiria wameingia wamelowa, vioo vimefungwa, na kabla hamjafika Kemondo kioo cha mbele kimejaa ukungu kwa ndani. Dereva anaufuta kwa kitambaa, mkono mmoja kwenye usukani, na baada ya kona mbili umerudi. Kiyoyozi kizima humaliza tatizo hilo kwa dakika chache. Hewa ya ndani hupita kwenye koili baridi iliyofichwa nyuma ya dashibodi, unyevu wake ukageuka matone na kutoka nje kwa mpira mdogo chini ya gari, kisha hewa iliyobaki kavu ikapulizwa kwenye kioo. Unaweza hata kufungulia na hita ili usitetemeke. Kwa hiyo dereva wa Kagera anayesema kiyoyozi ni anasa anakosea. Kwenye mteremko wa Kamachumu, ukungu umetanda na lori linakuja mbele yako, kiyoyozi ni kifaa cha usalama kama zilivyo breki.

Ndiyo maana inauma kuona kinavyotibiwa kwenye gereji zetu. Mwenye gari hufika na kusema, "Fundi, baridi haitoki." Fundi huunganisha geji, hutazama sindano na kujibu, "Gesi imeisha, bosi. Tukujazie?" Gesi hujazwa, baridi hutoka, hela hulipwa. Miezi mitatu baadaye gari liko palepale, na maneno ni yaleyale.

Gesi ya kiyoyozi haiishi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kutoka kompresa kwenda kondensa iliyo mbele ya rejeta, ikapoe na kugeuka kimiminika, kisha ipite kwenye tundu jembamba la valvu, ipanuke na kunyonya joto kwenye koili ya ndani, halafu irudi kwenye kompresa. Hakuna mahali inapoungua wala kutumika. Ni kweli kwamba kwenye gari mipira na oringi hupitisha gesi kidogo sana mwaka hadi mwaka, na gari lililokaa miaka mingi bila kuguswa linaweza kupungukiwa bila kuwa na tundu. Lakini gesi iliyojazwa msimu wa senene wa Novemba ikapotea kabla ya masika, hiyo imetoka mahali, na mahali hapo panatafutika.

Anza na macho. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, kwa hiyo penye tundu mafuta nayo hutoka, yakashika vumbi. Gari linalotoka Nshamba au Rubya likiwa na vumbi jekundu la barabara za ndani huonyesha jambo hilo waziwazi: kondensa yote imekauka, ila kuna doa moja jeusi lenye unyevunyevu. Hapo ndipo pa kutazamia. Kondensa ndiyo inayokutana kwanza na kokoto zinazorushwa na gari la mbele, na mapezi yake ya alumini ni membamba kiasi kwamba kidole kinayakunja. Kwenye barabara zinazopakana na ziwa hunasa pia wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopaa kama moshi, na usiku wa senene hunasa mbawa na miguu. Uchafu huo hautoboi koili, lakini huziba hewa, shinikizo likapanda na kompresa ikateseka. Uoshe kwa maji yasiyo na nguvu, ukielekeza kutoka upande wa injini kuja mbele. Mashine za presha za kuoshea magari hulaza mapezi, na yakishalala hewa haipiti.

Baada ya macho, sabuni. Fundi makini hukoroga sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo hadi iwe nzito, akaipaka kwa brashi kwenye viungo na madoa, kisha akasubiri. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kukosa subira. Tundu dogo halipulizi povu kubwa mara moja. Hutoa mapovu madogo sana yanayojikusanya sehemu moja, ukiyafuta yanarudi palepale. Kwa koili ya ndani, ambayo haionekani, zima injini, subiri, kisha weka kifaa cha kunusa gesi kwenye ule mpira wa kutolea maji chini ya gari. Gesi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja juu itashuka na kutokea hapo. Kwenye Noah zenye kiyoyozi cha nyuma usisahau mabomba marefu yanayopita chini ya bodi. Tope hukaa juu yake, yakaliwa polepole, na wapo watu waliofumua dashibodi nzima wakati ugonjwa ulikuwa kwenye bomba chini ya miguu ya abiria.

Gesi ikiwa imekwisha kabisa, mfumo hujaribiwa kwa naitrojeni kavu yenye regulata. Kwa oksijeni, kamwe. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na mlipuko huo unaua. Naandika hili kwa msisitizo kwa sababu mtungi wa oksijeni wa kuchomelea huwa umesimama palepale gereji, na siku ya haraka kishawishi ni kikubwa. Hewa ya kujazia matairi nayo haifai, maana imejaa unyevu.

Tundu likipatikana, linakuja swali la kuziba au kubadilisha. Bomba la shaba la kiyoyozi cha ofisini huzibika kwa kuchomelewa na mtu anayejua, naitrojeni ikipita taratibu ndani ili masizi yasijijenge. Koili ya alumini ya gari ni habari nyingine. Gundi ya chuma hushika siku ya kwanza, lakini upande wa kondensa shinikizo hufika psi 200 na zaidi jua likiwaka, na koili hupanuka na kusinyaa kila safari. Badilisha.

Kubadilisha kwenyewe ndiko kunakomtambulisha fundi. Koili mpya ikifungwa bila oringi mpya zilizopakwa mafuta, bila draya mpya ya kunyonya unyevu, bila kurudishia mafuta yaliyobaki kwenye koili ya zamani, itaharibika au itaiua kompresa. Na kuna adui ambaye Bukoba anapatikana kwa wingi kuliko Dodoma, nao ni unyevu. Mafuta yanayotumika kwenye kompresa nyingi za magari hunyonya maji kutoka hewani. Bomba likiachwa wazi asubuhi moja ya mvua, maji yameshaingia. Ndani ya mfumo maji hayo huganda kwenye tundu la valvu na kulifunga, au huchanganyika na gesi na mafuta yakazaa asidi inayoanza kuila koili ile mpya kwa ndani. Kila bomba lililofunguliwa lizibwe papo hapo, hata kwa nailoni na mpira.

Kisha pampu ya vakyumu. Kazi yake ni kushusha shinikizo hadi maji yachemke kwenye joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Kuna jambo ambalo fundi aliyesomea Pwani anapaswa kuambiwa akifika huku. Kwenye usawa wa bahari, sindano ya geji hushuka hadi karibu inchi 30 za zebaki. Kwetu hewa ni nyepesi, na hata pampu iwe mpya kiasi gani sindano itaishia kwenye 26 hivi. Pampu haijachoka, ni mwinuko wa ardhi. Jambo la pili ni baridi yetu, kwani maji huchemka kwa shida zaidi kwenye nyuzi 17 za alfajiri kuliko kwenye nyuzi 30. Dakika kumi zinazotosha kumridhisha mteja mwenye haraka hazitoshi kukausha mfumo. Fanya mchana, injini ikiwa na joto, uiache pampu ifanye kazi nusu saa kwa uchache, na saa nzima ni bora. Halafu funga valvu, zima pampu, ukae uitazame sindano. Ikipanda, ama bado kuna tundu ama bado kuna maji, na gesi isiingizwe.

Gesi yenyewe hupimwa kwa mizani. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na gramu zake, na gari dogo huwa halifiki hata kilo moja. Kujaza mpaka bomba litoe jasho ni kubahatisha, na gesi iliyozidi inaumiza kompresa kama iliyopungua.

Watu wa Kagera tunaukumbuka mwaka 2016 kwa tetemeko la Septemba 10. Mwezi uliofuata, ng'ambo ya mpaka wetu wa Rusumo, wajumbe wa nchi 197 walikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za kundi hili hili. Ile ya R134a, iliyomo kwenye magari yetu mengi, hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Nusu kilo ikiachiwa hewani ni sawa na zaidi ya kilo 700 za hewa ya ukaa. Kila "nikujazie" kwenye mfumo wenye tundu ina maana hiyo, na tunaolima migomba na kahawa kwa kutegemea mvua tunajua thamani ya majira yasiyovurugika.

Kwenye majengo ugonjwa hujionyesha kwa namna tofauti kidogo. Kiyoyozi kinadondosha maji ukutani, au koili imefunikwa barafu. Kabla ya kuita fundi, zima, acha barafu iyeyuke yenyewe kwa saa kadhaa, osha chujio, washa tena. Hewa ikikosa njia, koili huganda hata kama gesi imetimia. Usiichokoe barafu kwa bisibisi, maana koili nyingi nzima zimetobolewa hivyo. Ikiganda tena chujio likiwa safi, huenda gesi imepungua, na turudi kwenye sabuni yetu. Shaba ya koili huliwa pia na mvuke wa siki, gundi za samani mpya na baadhi ya dawa za usafi, ambao huchimba vinjia visivyoonekana kwa macho hadi gesi ikapata upenyo. Ofisi ambayo koili yake mpya inavuja ndani ya muda mfupi ichunguze kwanza inasafishwa kwa nini. Na kama mashine ni ya zamani inayotumia gesi ya R22, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuachana nayo kufikia 2030. Kununulia koili mashine ya namna hiyo ni kutupa hela.

        

Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na vijana wa Kagera waliopita huko wanayajua haya. Mara nyingi kinachowazuia kuyafanya ni mteja asiyetaka kusubiri wala kulipia muda wa kutafuta tundu. Kwa hiyo neno langu ni kwako mwenye gari na mwenye ofisi. Siku utakayoambiwa gesi imeisha, mwombe fundi akuonyeshe inapotokea, na muda atakaoutumia kuitafuta umlipe. Asipokuonyesha, usikubali kujaziwa.