MACHELA NA MBELEKO: SAFARI YA MAMA MZAZI KUTOKA MLIMANI

Na Mwandishi Wetu

Katika nchi ya Kigezi, kusini magharibi ya Uganda, ipo desturi inayostahili kujulikana na kila mwananchi. Nyumba za huko zimetawanyika juu ya vilima, na njia nyingi ni nyembamba, za kupanda na kushuka, ambazo gari haliwezi kupita. Kwa sababu hiyo Wakiga waliunda vyama vya machela, viitwavyo vyama vya engozi. Mtu akizidiwa na maradhi, majirani huitwa, mgonjwa hulazwa ndani ya machela, na wanaume humbeba mabegani kwa kupokezana mpaka penye tiba. Mwanachama asiyefika bila ya udhuru hutozwa faini, maana mgonjwa ni mzigo wa wote.

Jirani zetu wa Rwanda na Burundi huiita machela hiyo ingobyi. Neno hilo hilo ndilo jina la mbeleko ambayo mama humbebea mtoto mgongoni. Waliolitumia jina moja kwa vitu hivyo viwili walijua walisemalo: aliye dhaifu hubebwa na mwenye nguvu.

Tumeikumbuka desturi hii kwa sababu ya jambo moja zito, nalo ni vifo vya akina mama wakati wa uzazi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao 260,000 walikufa mwaka 2023 kwa sababu za mimba na uzazi, na yapata saba katika kila kumi walikuwa wa Afrika kusini ya Sahara. Mwili wa mwanamke wa Kiafrika haukuumbwa tofauti na wa mwenziwe wa Ulaya. Kinachotofautiana ni muda unaopita kabla ya kufikiwa na msaada.

KUCHELEWA MARA TATU

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mzazi hupotea kwa kuchelewa mara tatu. Kwanza, huchelewa nyumbani, kabla haijaamuliwa aende hospitali. Pili, huchelewa njiani. Tatu, huchelewa hata akiwa amekwisha kufika, kwa kungoja mkunga, daktari, dawa au damu.

Hebu tuufikirie mfano wa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Damu hiyo yaweza kumwua mwanamke mwenye afya njema kwa muda wa saa mbili tu. Akiwa mjini, karibu na hospitali kubwa, saa mbili zatosha. Akiwa mlimani, saa ya kwanza yaweza kumalizika watu wakimngoja mume atoe ruhusa, na ya pili wakitafuta pikipiki. Ugonjwa ni mmoja na dawa yake ni moja, lakini mmoja atarudi nyumbani na mtoto wake, na mwenziwe hatarudi.

Hata dawa yenyewe ina masharti yake. Sindano ya oksitosini, inayolifanya tumbo la uzazi lijikaze na kuzuia damu, hutakiwa kuhifadhiwa penye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Zahanati isiyo na umeme wala jokofu la kutegemewa huenda ikawa nayo kabatini, lakini nguvu yake imekwisha pungua. Basi yule aliye mbali hupungukiwa mara mbili: hufika akiwa amechelewa, kisha hupewa dawa iliyochoka.

TIBA YA BURE NA GHARAMA ZAKE

Mwezi wa Machi 2001 Serikali ya Uganda iliondoa ada katika hospitali na vituo vyake, isipokuwa katika wodi za kulipia. Watu walimiminika, hasa wale maskini, na hapo ikadhihirika ni wangapi waliokuwa wakiugulia nyumbani kwa kukosa fedha. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kuondoa ada hakukuondoa nauli ya pikipiki usiku wa manane, wala gharama ya glavu, pamba na wembe ambavyo mama mara nyingi huambiwa aje navyo mwenyewe. Tiba huwa bure pale inapotolewa. Kufika hapo si bure.

Jambo hili lilifika hata mahakamani. Mwezi wa Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa mwaka 2011, baada ya akina mama wawili kufa katika hospitali za umma kwa kukosa huduma iliyostahili. Mahakama iliamua kwamba kutotoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba, ikaamuru familia za marehemu zilipwe fidia. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba huduma hiyo ni hisani.

Maendeleo yamepatikana, na ni haki kuyataja. Katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai Uganda, vifo vya akina mama vilikadiriwa kuwa 336 katika uchunguzi wa mwaka 2016, na 189 katika ule wa 2022. Rwanda, yenye milima kama ya Kigezi, ilishuka kutoka 1,071 mwaka 2000 hadi 203 mwaka 2020. Huko wananchi walijiunga katika bima ya afya ya jamii, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999, na vijiji vikawekewa wahudumu wa afya. Nasi tunao mfano wetu: Hospitali ya Kisiizi, wilayani Rukungiri, iliunda mpango wa bima mwaka 1996 kwa kuvitumia vyama vile vile vya engozi. Watu waliozoea kuchangia mabega waliona wepesi kuchangia fedha.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Barabara, umeme na wakunga ni kazi ya Serikali, nasi tuna haki ya kuvidai. Lakini kule kuchelewa kwa kwanza kumo mikononi mwetu. Mimba ikijulikana, mama aanze kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani lashauri aonane na wahudumu mara nane kabla ya kujifungua. Kisha mume na mke, pamoja na mama mkwe ikiwa yumo nyumbani, wakae na kupatana juu ya mambo haya:

– Atajifungulia wapi, na chombo gani kitampeleka, mchana au usiku.
– Fedha za nauli zitawekwa wapi, na zisiguswe kwa haja nyingine.
– Nani atafuatana naye, nani atabaki na watoto, na nani atakuwa tayari kutoa damu.
– Nani ataamua safari ikiwa mume hayupo. Afadhali aruhusiwe mama mwenyewe.

Tena kila aliyemo nyumbani azijue dalili za hatari: kutokwa na damu, degedege, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni, na uchungu unaozidi saa 12. Ikionekana hata moja, msingoje kupambazuke.

Akina baba, mzee wa Kigezi hakungoja barabara ijengwe ndipo ambebe jirani yake, aliinua machela na kwenda. Barabara na tuidai bila kuchoka, na siku ile mama atakapoanza uchungu, mabega yawe tayari.