Kusikiliza Santuri kwa Pamoja: Desturi za Wakusanyaji wa Muziki wa Kiklasiki na wa Jazi

Katika Kiswahili sanifu, sahani ya muziki huitwa santuri. Neno hilo lina safari yake. Kwa asili ni jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na ya nchi za Waarabu, ambayo hupigwa kwa vijiti viwili. Jina la ala likahamia kwenye mashine yenye kutoa sauti, na kutoka kwenye mashine likahamia kwenye sahani yenyewe. Mjini Lubumbashi wengi husema disiki, kwa kufuata Kifaransa, wala hakuna ubaya. Lakini neno santuri lina faida moja: linakumbusha kwamba sahani ile si kitu cha kuwekwa kabatini tu, bali ni kama ala, nayo ala huhitaji mtu wa kuipiga na watu wa kuisikiliza.

Neno la pili linalohitaji kufafanuliwa ni jazi. Msomaji wa Kongo akilisikia hukumbuka African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoanzishwa mwaka wa 1953, au O.K. Jazz, iliyozaliwa mwaka wa 1956 huko Léopoldville. Bendi hizo zilichukua jina kwa sababu ya fahari yake, lakini muziki wao ulikuwa rumba. Makala haya yanahusu jazi ya Wamarekani Weusi, ile ya King Oliver, Louis Armstrong na Duke Ellington, pamoja na muziki wa kiklasiki wa Ulaya, yaani ule wa Bach, Haydn, Beethoven na wenzao. Swali lake ni hili: wakusanyaji wa santuri za aina hizo mbili walirithishana vipi namna ya kusikiliza, na kwa nini namna hizo hazikufanana?

Jambo la kwanza la kuzingatia ni muda. Santuri ya zamani, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilitengenezwa kwa shelaki, ambayo hutokana na ute wa mdudu mdogo wa India. Ile kubwa, yenye upana wa inchi 12, ilibeba muziki wa dakika 4 hivi kwa kila upande; ile ya inchi 10 ilibeba dakika 3. Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyorekodiwa mwaka wa 1913 na Arthur Nikisch pamoja na okestra ya Filhamoni ya Berlin, ilijaza pande 8. Kwa hiyo msikilizaji alilazimika kuinuka kila baada ya dakika 4, ageuze sahani, abadilishe sindano, aikaze kamani, kisha aketi tena. Muziki ulikatika mahali ambapo mtunzi hakukusudia. Wenye santuri hizo walipajua mahali hapo kwa moyo, hata waliposikia simfonia ileile ukumbini walitazamia kimya ambacho hakikuja.

Kazi ya namna hiyo ilifaa kugawanywa: mmoja kwenye mashine, wengine kwenye viti. Gharama nayo iliwasukuma watu kukutana, maana simfonia moja ilikuwa mzigo wa sahani kadhaa na bei yake ilikuwa ya kadhaa. Huko London, mwandishi Compton Mackenzie alianzisha gazeti la The Gramophone mwaka wa 1923, na mwaka uliofuata akaanzisha chama kilichoitwa National Gramophonic Society. Wanachama walilipa ada mapema, na kwa fedha hizo zikarekodiwa kazi za vikundi vidogo ambazo makampuni makubwa yaliona hazitauzika. Mwaka wa 1931 Walter Legge wa kampuni ya HMV alichukua mbinu hiyohiyo kwa ajili ya nyimbo za Hugo Wolf: wakipatikana watu 500 wa kulipa kabla, santuri zitatengenezwa. Walipatikana, na sehemu yao walikuwa wakazi wa Japani, nchi itakayorudi katika maelezo haya. Baadaye kidogo, kati ya mwaka wa 1932 na wa 1935, Artur Schnabel alirekodi sonata zote 32 za Beethoven za piano kwa njia ya chama cha namna hiyo.

Hapa pana jambo lisilosemwa mara nyingi. Ladha ya wakusanyaji hao haikufuata soko, bali ililitangulia na kulilipia. Tena, pamoja na santuri walipelekewa kijitabu chenye maneno ya nyimbo na maelezo ya mtaalamu. Yale ya Wolf yaliandikwa na Ernest Newman. Mtu alishika kijitabu mkononi, au daftari lenye noti za muziki, akafuata kwa macho alichosikia kwa masikio. Kusikiliza kukawa pia kusoma, na aliyejua kusoma noti akawa mwalimu wa waliomzunguka.

Mkusanyaji wa jazi hakuwa na daftari la kufuata. Tofauti hii ndiyo kiini cha mambo. Sonata ya Beethoven ipo kwenye karatasi. Hata santuri zake zote zikivunjika, mpiga piano mwingine ataifufua kesho. Lakini alichobuni Louis Armstrong kwa tarumbeta yake huko Chicago tarehe 28 Juni 1928, aliporekodi "West End Blues", hakikutangulia mahali popote kwa ukamilifu wake. Santuri si ushahidi wa kazi. Santuri ndiyo kazi. Kwa sababu hiyo maswali ya wasikilizaji yalitofautiana. Mpenzi wa kiklasiki aliuliza: kazi gani hii, na huyu mpigaji ameielewa vipi? Mpenzi wa jazi aliuliza: ni nani huyu anayepiga, siku gani, akiwa na nani?

Lebo haikumjibu. Mara nyingi iliandikwa jina la bendi tu, na pengine jina hilo lilikuwa la bandia, kwa kuwa kampuni zilikuwa na desturi ya kuuza rekodi moja chini ya majina mbalimbali. Basi vikaanzishwa vyama vya kusikiliza. Hot Club de France ilianzishwa mwaka wa 1932, naye Hugues Panassié akawa kiongozi wake. Mwaka wa 1933 chama cha kwanza cha aina hiyo kilianzishwa London. Mkutano wao ulikuwa na utaratibu mwepesi: mmoja alileta santuri zake, akatoa utangulizi mfupi, akaweka sindano, kisha ubishi ukaanza. Mmoja alitambua pumzi ya mpiga klarineti, mwingine alitambua jinsi mpiga trombone anavyoteremka kuelekea noti. Charles Delaunay aliyakusanya majibu hayo, akayapima kwa kuwauliza wanamuziki wenyewe kila ilipowezekana, na mwaka wa 1936 akatoa kitabu chake, Hot Discography. Kifaransa kilipata neno discographie kwa kuiga bibliographie. Kwa Kiswahili yatosha kusema orodha ya santuri, ingawa orodha hiyo ni zaidi ya orodha, kwa maana kila mstari wake ni hukumu iliyotolewa baada ya kusikiliza mara nyingi.

Kifaa kikubwa cha kazi hiyo kilikuwa kidogo sana kwa macho. Kwenye ukingo laini kati ya mifereji ya sauti na lebo, kiwanda kilichonga namba. Si namba ya kuuzia. Ni namba ya kurekodia, nayo huonyesha rekodi ipi ilitangulia ipi katika studio, na kwa kawaida huonyesha pia kama ni jaribio la kwanza, la pili au la tatu la wimbo uleule. Ilitokea kwamba santuri mbili zenye lebo moja na jina moja zilibeba majaribio tofauti, yaani ubunifu tofauti wa mpigaji yuleyule siku ileile. Mwenye santuri moja hakuweza kulijua hilo hata angesikiliza maisha yake yote. Ilibidi watu wawili wakutane, kila mmoja na nakala yake, waziweke moja baada ya nyingine. Elimu hiyo haikuwamo katika nyumba ya yeyote kati yao, ilizaliwa katikati.

Uzito wa jambo hili unaonekana mtu akikumbuka jinsi santuri zenyewe zilivyopotea. Rekodi nyingi za mwanzo za jazi na za bluzi zilitengenezwa kwa ajili ya wanunuzi Weusi wa Marekani, na viwanda havikuzitunza. Kampuni ya Paramount, tawi la kiwanda cha viti cha Wisconsin, iliacha kurekodi mwaka wa 1932, na mabamba mengi ya chuma yaliyotumiwa kuchapia santuri zake yakauzwa kama vyuma chakavu. Mwaka wa 1942 vita vilileta upungufu wa shelaki, na watu wa Marekani wakahimizwa kutoa santuri kuukuu zikasagwe zitengenezwe mpya. Kilichookolewa kiliokolewa zaidi na wakusanyaji, wengi wao Wazungu, waliobisha hodi nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Weusi wakinunua kwa senti chache. Mfano mmoja unatosha. King Oliver alirekodi "Zulus Ball" na "Working Man Blues" mwaka wa 1923 kwa kampuni ya Gennett, na santuri hiyo imejulikana kwa nakala moja tu. Kama aliyeipata angeifungia sandukuni kwa wivu, vipande hivyo viwili vingebaki majina matupu kwenye orodha.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wakusanyaji walikuwa watakatifu. Wapo waliopenda uhaba wa santuri kuliko muziki uliomo. Na wakati mabwana wa Paris na London walipokuwa wakibishana ni nani alikaa upande gani katika bendi ya Oliver, Oliver mwenyewe alikuwa Savannah, katika jimbo la Georgia, akifagia ukumbi wa mchezo wa biliadi. Alifariki huko mwaka wa 1938, maskini.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, desturi hizo mbili zilianza kukaribiana. Mwaka wa 1946, katika gazeti la Metronome, Leonard Feather alianza kuwachezea wanamuziki wa jazi santuri bila kuwatajia wapigaji, kisha akaandika walichosema: mchezo wa vyama ukawa safu ya gazeti. Katika redio ya Ufaransa, Armand Panigel aliwakalisha wakosoaji mezani kulinganisha rekodi kadhaa za kazi moja ya kiklasiki. Lakini kusikiliza pamoja hakuleti mapatano siku zote. Santuri za Dizzy Gillespie na Charlie Parker zilipovuka bahari, Delaunay alizipokea kwa furaha, naye Panassié akakataa kuziita jazi. Mwaka wa 1947 chama chao kikapasuka.

Japani ilipata njia yake yenyewe. Santuri za kigeni zilikuwa ghali, na nyumba za mjini zilikuwa finyu. Ukatokea mkahawa ambamo mteja, kwa bei ya kikombe kimoja, alisikiliza hazina ya mwenye nyumba. Mkahawa wa Lion, katika mtaa wa Shibuya mjini Tokyo, ulifunguliwa mwaka wa 1926 kwa muziki wa kiklasiki. Ulichomwa na vita, ukajengwa upya mwaka wa 1950. Viti vyake vinaelekea spika kama viti vya kanisa vinavyoelekea altare, na mazungumzo hayaruhusiwi. Ajabu ni kwamba mikahawa ya jazi nayo ilichukua kanuni hiyo, hasa katika miaka ya 1960, ingawa jazi ilianza kama muziki wa kuchezwa. Mteja aliomba sahani, akapewa upande mmoja, dakika 20 hivi, kwa kuwa tangu mwaka wa 1948 ilikuwapo santuri ya kuzunguka polepole. Kisha zamu ikawa ya mwingine. Kule Paris hukumu ilitolewa kwa mdomo. Hapa mwenye mkahawa alifundisha kwa mpangilio tu, kwa kuamua kipi kifuate kipi.

Chigusa, wa Yokohama, ulifunguliwa mwaka wa 1933 na Yoshida Mamoru. Mabomu ya mwaka wa 1945 yaliteketeza santuri zake zipatazo 6000, naye akaanza tena kukusanya. Miongoni mwa walioketi humo baada ya vita alikuwa mpiga piano kijana, Akiyoshi Toshiko. Yeye alikuwa amefundishwa piano ya kiklasiki tangu utotoni, na jazi aliijua kupitia mkusanyaji mmoja wa mji wa Beppu, ambaye siku moja alimwekea santuri ya Teddy Wilson akipiga "Sweet Lorraine". Mwaka wa 1956 alikwenda Boston kusoma katika shule ya Berklee, na baadaye akaongoza okestra yake mwenyewe huko Marekani.